Mkanda wa Wageni

Jumatatu, 6 Mei

Kaka,

Salamu nitazifupisha, mtoto amelala na sijui ataniachia dakika ngapi. Simu yako inaita mpaka inakata, na Taratibu dereva ameniambia huko ghala jipya mnaacha simu getini. Basi karatasi hii nimempa yeye. Anasema huja kwenu na lori Jumatatu na Alhamisi, na kurudi huku Jumanne na Ijumaa. Kwa mwendo wake ule, ukiipata kabla haijachakaa ushukuru.

Shemeji yako yuko nyumbani tangu juzi. Amemaliza wodi lakini usidhani amepona. Nyonga ya kushoto imeshikizwa tu, mkono wa kulia uko ndani ya plasta mpaka juu ya kiwiko, na hawezi kujigeuza bila mimi. Namgeuza yeye, namgeuza Kiroboto, nikimaliza mmoja mwingine amelowa. Jana nimejikuta namwimbia baba mtu wimbo wa kubembeleza huku mtoto amekaa ananishangaa.

Daktari anasema lazima apasuliwe mara ya pili awekewe chuma, na isipite wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Mfupa ukishaunga vibaya ataburuza mguu maisha yake yote. Fundi umeme asiyeweza kupanda ngazi, kaka, huyo ni fundi wa nini? Upasuaji ni juu ya kampuni, ikiwa kamati yao itaona alianguka akiwa anafuata utaratibu. Ikiona kosa ni lake, hakuna upasuaji na hakuna kazi. Kamati inakaa tarehe 29.

Sasa sikiliza. Leo asubuhi Afisa Usalama amekuja na faili, akakaa kwenye kiti cha mtoto kwa bahati mbaya, akainuka, akatusomea. Kuna shahidi amesema kwamba mume wangu alifungua mkanda wa usalama kwa hiari yake akainama nje ya ukingo. Nikamuuliza shahidi gani? Akasema jina ni siri mpaka kamati ikae.

Wewe ulikuwa naye. Uliniambia mwenyewe pale hospitali, shati lako lina damu yake, kwamba ulikuwa chini unamshikia Twiga, yeye yuko juu kwenye jukwaa anabadilisha taa. (Hiyo mashine yenu ya kupandisha watu mimi mpaka leo sijui jina lake la kwenye karatasi.) Hukutaja mtu mwingine. Sasa huyu aliyeona ambacho wewe hukuona ametokea wapi? Ana kisa gani na sisi?

Mwenyewe hakumbuki. Anakumbuka kupanda, anakumbuka ulimtania kuhusu soksi zake, halafu anakumbuka dari ya wodi. Hapo katikati ni kweupe. Macho yaliyobaki ni yako. Niandikie ulichoona, nitakipeleka mimi.

Kiroboto ameota jino la pili. Anatung'ata wote, hachagui.

Mdogo wako


Ijumaa, 10 Mei

Mdogo wangu wa pekee,

Barua imefika salama, Taratibu kanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Nisamehe kwa simu. Huku kazi ni kazi kweli. Nimepewa zamu nzima, watu kumi na wanne wananiita bosi, nina meza na kiti kinachozunguka. Siku ya kwanza nilikizungusha mpaka kichwa kikauma.

Pole sana na uuguzi. Wewe tangu utoto ni mtu wa kubeba, na Mungu anakuona.

Hayo ya shahidi usiyape kichwa chako. Makampuni yana lugha yao, wanaandika hivi wakimaanisha vile. Nani kasema nini hakutamrudishia mtu nyonga. Mimi mwenyewe siwezi kusema niliona kila kitu, ukiwa chini ya Twiga unachoona ni soli za viatu tu. Nadhani niliona mkanda unaning'inia kwenye ukingo, lakini sitaapa. Mambo yalikwenda haraka.

Ushauri wangu kama kaka: wakileta karatasi, msaini. Mabishano yanachelewesha. Wakishafunga faili, mimi nikiwa na cheo hiki nitaongea na wakubwa, mtu kwa mtu, na shemeji hatatupwa. Niachie mimi.

Mama usimwambie mengi, presha yake unaijua. Nimempa Taratibu viatu vya Kiroboto, vyekundu. Mwambie ni vya mjomba.

Kaka yako


Jumatatu, 13 Mei

Kaka,

Jumamosi nilimwachia jirani mgonjwa, nikambeba Kiroboto mgongoni nikaenda ghala lenu la zamani. Walikuwa wameniita nisaini kwa niaba ya mume wangu, kwa kuwa mkono wake wa kuandikia ndio uliofungwa.

Karani akanisogezea karatasi na kalamu. "Saini hapa mama, pale pameandikwa nimekubali."

"Nasoma kwanza."

Akaangalia saa. "Mama, mtoto analia."

"Analia kwa sababu ya meno. Haraka hana."

Nikasoma. Jina la shahidi walikuwa wamelibania karatasi nyeupe juu yake. Maneno yenyewe hawakuyafunika. Kaka, ni nani aliyenifundisha kuandika? Kwa kipande cha mkaa, kwenye sakafu ya jiko la Mama, umenishika kiganja? Herufi zako zinaegemea nyuma kama watu wanaovutwa mashati. Ningeujua mwandiko ule hata ungeandika kwa mguu.

Nilisoma mara mbili. Mara ya pili nilisoma nikitafuta mahali ambapo si wewe.

Nje nikamkuta mama anayefagia ghala, akanishika bega, akampa mtoto kidole ang'ate. Nikamuuliza kuhusu mkanda.

"Mkanda upi, mwanangu? Ule wa wageni?"

"Wageni gani?"

"Wakaguzi. Ule uko ofisini kwa Bosi wa Zamu wa hapa, kabatini, ndani ya nailoni yake. Wakija wakaguzi fundi anavalishwa, wakiondoka anavuliwa. Mimi ndiye ninayeufuta vumbi kila Ijumaa. Haujawahi kuonja jasho."

"Na siku ile?"

"Siku ile hakukuwa na wageni."

Akaniambia na lingine. Kwamba ninyi mna kitu mnakiita kumtembeza Twiga. Utaratibu ni fundi ashushwe, mashine isogezwe, apandishwe tena kwenye taa nyingine. Ninyi mnaona hiyo ni kupoteza muda, mnamwacha hukohuko juu, mnaisukuma mashine na foko, ile gari ya uma mnayobebea mizigo. Nikamuuliza nani alikuwa kwenye foko. Mama wa watu akaanza kufagia mahali palipokuwa pasafi.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Nani alikuwa kwenye foko?

Sikusaini. Viatu vimerudi na Taratibu, viko kwenye mfuko uleule.

Mdogo wako


Jumatatu, 20 Mei

Shemeji,

Mkono ni wa mke wangu, maneno ni yangu mimi mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Nimemwambia aandike bila kunisahihisha.

Kwanza hongera kwa cheo. Nimesikia una kiti kinachozunguka. Mimi nina kitanda kisichogeuka, tumetofautiana kidogo tu.

Shemeji, nimelala hapa nimefikiri sana, maana kazi nyingine sina. Waliponisomea ile taarifa nilikataa moyoni. Nikasema, mimi? Lakini shahidi ana sababu gani ya kunisingizia? Sina ugomvi na mtu pale. Na kidogokidogo nimeanza kuona. Nadhani siku ile walitutolea ule mkanda wa wageni, kwa nini sikumbuki. Ila naona vidole vyangu kwenye kifungo. Kimenibana, nakifungua. Mwanzo ilikuwa kama ukungu. Sasa naona mpaka rangi ya kifungo.

Basi ni mimi. Nilikuwa na mke na mtoto wa miezi tisa nikafungua mkanda kwa sababu umenibana.

Nakuomba radhi. Wewe ulikuwa chini yangu, na najua wamekuhoji na kukusumbua kwa ujinga wangu. Kama walikuhamisha ili uwe mbali na kesi hii, niambie, nitawaandikia kwamba huna lawama. Wewe ndiye uliyenitafutia hii kazi, nami nimekulipa kwa aibu.

Mke wangu nimemwomba msamaha pia. Akatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Msalimie kila mtu huko.

Shemeji yako

Kaka, nimeandika kama alivyotamka. Wiki nzima hujanijibu, na yeye sijamwambia ninachojua. Nilitaka kwanza uone anavyokuomba radhi.


Ijumaa, 24 Mei

Mdogo wangu,

Barua ya shemeji nimeisomea chooni, ndipo mahali pekee hapa penye komeo. Nimekaa humo mpaka wakagonga.

Nilikuwa mimi. Kwenye foko.

Zilibaki taa nne. Bosi wa Zamu alipita akagonga saa yake kwa kidole, akaenda. Shemeji akaniambia nimshushe. Nikamwambia, "Tushuke tupande mara nne, tutatoka hapa mwaka gani?" Akacheka. Akasema, "Basi sukuma polepole, nina mke." Nikasukuma polepole, naapa. Gurudumu la mbele likazama kwenye kifuniko cha mtaro. Twiga hakuanguka. Aliinama tu upande mmoja, kama anataka kunywa maji, halafu akasimama. Shemeji ndiye aliyeendelea. Mkanda hakuwa nao, hakuna aliyekuwa nao hata siku moja, mama anayefagia hakukudanganya.

Nikwambie na jinsi nilivyosaini, kwa sababu usiponisikia wewe hakuna atakayenisikia. Walikuwa wamemwingiza chumba cha upasuaji ile mara ya kwanza. Wewe ulikuwa umekwenda kumnyonyesha mtoto. Bosi wa Zamu akaja kwenye benchi na karatasi, akasema mmoja wetu lazima aonekane na kosa, ama aliyesukuma ama aliyepanda. Akasema nikikubali nilisukuma, nitafungwa, na Mama atabaki na nani.

Daktari alikuwa ametoka kutuambia tusitegemee sana. Bosi akasema, "Huyu hatajali tena." Na mimi nikafikiri hivyohivyo. Niliandika habari za mtu ambaye kwangu alikuwa ameshakufa, nikaona marehemu hapotezi kazi wala hapotezi jina. Halafu akafumbua macho. Wote mlipiga kelele za furaha. Mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika nzima sikufurahi.

Sasa umejua. Naomba jambo moja tu: ichome barua hii ukishaisoma. Mimi nikianguka hakuna atakayesimama, si wewe, si Mama. Nikiwa hapa nilipo naweza kuwasaidia. Nitamchukua Kiroboto kama wangu, nitamsomesha. Shemeji nitamtafutia kazi ya kukaa, hata ya getini. Mwache aamini anavyoamini, mtu anaweza kuishi na kosa dogo la kufungua kifungo.

Kaka yako


Jumatatu, 27 Mei

Kaka,

Sijaichoma.

Niliisoma nikiwa nimesimama, Kiroboto kiunoni, sufuria inachemka. Nikaisoma tena nimekaa. Ukitaka kujua nilichohisi, nilihisi kama nimekuja kukutembelea nikakuta anakaa mtu mwingine ambaye amevaa nguo zako.

Unasema kosa dogo. Njoo umwone anavyoliishi. Kila akitaka maji anaanza na nisamehe. Jana mtoto alikuwa anachezea kifungo cha nguo yake, akaniambia, "Mwondoe, mwondoe asije akawa na mkono kama wangu." Mtu hajawahi kufungua kitu, kaka. Umempa kumbukumbu isiyo yake na ameipokea kwa heshima kwa sababu aliyeileta ni shahidi, na shahidi hana sababu ya kusingizia.

Kiroboto ana baba. Baba yake anapumua, yuko hapa, amelala kwa sababu uliharakisha taa nne. Hatafutiwi baba mwingine.

Sasa nakwambia nitakachofanya, ili usiseme nilikuvizia. Kamati inakaa keshokutwa saa tatu asubuhi. Taratibu anarudi huku kesho, na kiti cha pembeni kiko wazi, nimeshamwomba. Panda. Kesho utalala hapa, kwenye mkeka wa sebuleni, nitakupikia. Utamwambia mwenyewe kwa mdomo wako, halafu asubuhi tutakwenda wote. Nitakaa na wewe benchi moja. Wakiniuliza, nitasema huyu ni kaka yangu, aliogopa, akakosea, amekuja. Wakikufunga, nitakuletea chakula siku zote watakazoruhusu, na Mama nitamweleza mimi. Sitakuacha. Unanijua nikisema.

Usipokuja, itakwenda barua yako.

Sikulazimishi kwa sababu nakuchukia. Ningekuchukia ningekwenda kimya.

Mdogo wako


Jumanne, 28 Mei

Mdogo wangu,

Taratibu atakwambia, nilifika mpaka kwenye lori. Nilipandisha mguu mmoja. Zamu inaingia saa nane, na watu wangu walikuwa wamesimama mlangoni wananitazama, nikaushusha.

Siwezi. Ichome, nakuomba kwa maziwa ya Mama tuliyonyonya wote wawili.

Kaka


Alhamisi, 30 Mei

Kaka,

Juzi Taratibu alishuka peke yake, akanipa karatasi yako na kunisaidia kuanua nguo. Nilikuwa nimepika kwa watu watatu. Nikala sehemu yako, kwa sababu ninanyonyesha na sikuwa na sababu ya kuitupa.

Kisha nikakaa kitandani kwa mume wangu nikamsomea ile barua yako ndefu. Alinirudisha mara mbili pale aliposema, "nina mke." Nilipomaliza akauinua mkono wake mzima, wa kushoto, akauangalia mbele na nyuma. Akasema, "Kwa hiyo hii mikono haikufanya kitu." Nikasema haikufanya kitu. Akalia, kaka, na kilikuwa kilio cha furaha. Hapo umetufikisha: mtu anafurahi kusikia kwamba alisukumwa na shemeji yake.

Baadaye ndipo alipouliza, "Lakini yeye aliwezaje?" Mpaka asubuhi alikuwa ameacha kuuliza.

Kwenye kamati walikuwa watu watatu na jagi la maji. Bosi wa Zamu alikuwepo, amevaa tai. Nikaweka barua yako mezani. Wakaiweka kando ya ile taarifa ya kwanza, hawakuhitaji mtaalamu. Mwenyekiti akageuza karatasi, akanionyesha kwa kidole.

"Hapa chini ya ukurasa huu pamechanwa. Palikuwa na nini?"

"Mambo ya nyumbani."

"Mama, barua iliyochanwa inatia shaka."

"Basi muiteni aliyeandika, aje awaambie kilichokuwepo."

Wakanong'ona. Bosi wa Zamu akaomba kutoka kidogo akakataliwa. Mwisho wakasema ile taarifa ya kwanza wanaiweka pembeni na mume wangu hana kosa. Upasuaji ni Jumanne. Wewe na Bosi wa Zamu mtaitwa, siku mtaambiwa.

Sasa kuhusu pale palipochanwa. Unajua ni wapi. Ni kuanzia pale daktari alipotoka mpaka pale ulipoandika hukufurahi. Nilipomsomea mume wangu niliruka hapo, sauti yangu haikutetereka, nilijishangaa. Halafu alipolala nikakichana hicho kipande nikakichoma jikoni. Ulichoniomba nimekutimizia kwa kiasi cha vidole vinne.

Anajua ulimsukuma. Anajua ulimsingizia. Hajui kwamba ulikuwa umeshamzika, na hajui kuhusu ile dakika. Nimemwambia kwamba ulisaini huku unalia, umeshikwa mkono na Bosi. Ameniamini, na kidogo amepata nafuu, maana alikupenda.

Kamati wakikuuliza, waambie ukitaka, yeye hatakuwemo chumbani. Lakini kwake usije ukalitamka, hata siku dhamiri itakapokubana ukatamani kujitua mzigo. Usiende kujitua juu ya mgonjwa wangu. Uongo huu nimekubali kuubeba na wewe, na ni kitu cha mwisho tutakachobeba pamoja.

Jumanne usije hospitali. Kwenye benchi nitakaa na mama anayefagia ghala, ameomba ruhusa.

Mke wake